Istilahi za VVU na UKIMWI

Istilahi za VVU na UKIMWI ni maneno ya biolojia na tiba yanayotumika kueleza kirusi kinachoharibu kinga ya mwili, hali ya mtu aliyeambukizwa, ugonjwa unaoweza kufuata na njia za kupima ukubwa wa tatizo katika jamii. Mengi kati ya maneno hayo yanakaribiana, hivyo mara nyingi huchanganywa katika mazungumzo na hata katika habari. Lakini kila moja lina maana yake: VVU si UKIMWI, maambukizi si ugonjwa, kufubaza si kuponya, na kiwango cha maambukizi si idadi ya maambukizi mapya.

Nchini Tanzania tofauti hizo zina uzito wa pekee katika mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka mkoa wa Iringa mwaka 2012. Mkoa huo unaanzia mji wa Makambako upande wa kaskazini hadi wilaya ya Ludewa, yenye makaa ya mawe ya Mchuchuma, upande wa kusini karibu na Ziwa Nyasa. Tafiti tatu za kitaifa zilizofuatana, za miaka 2011-12, 2016-17 na 2022-23, zilionyesha kuwa Njombe ina kiwango kikubwa cha maambukizi ya VVU kuliko mikoa mingine yote. Kwa hiyo mifano mingi katika makala hii inahusu mkoa huo.

## Kirusi, virusi na vimelea

Neno "virusi" limetokana na Kilatini, ambamo lilimaanisha sumu. Kiswahili kililipokea kupitia Kiingereza. Kwa kuwa linaanza na "vi-", wasemaji wengi walilichukua kama neno la wingi, na umoja wake ukawa "kirusi", kama ilivyo "kitu" na "vitu".

Kirusi si seli. Ni kifurushi kidogo sana cha maelekezo ya kurithi kilichofungwa ndani ya protini, na hakiwezi kuzaliana mpaka kiingie katika seli ya kiumbe hai. Hapo ndipo kinapotofautiana na bakteria, ambayo ni seli kamili inayoweza kuishi na kugawanyika yenyewe. "Vimelea" ni neno pana zaidi: hutumika kwa kila kinachoishi kwa kumtegemea kiumbe mwingine, wakiwemo wale wanaosababisha malaria. Tofauti hii ina maana katika tiba, kwa sababu antibiotiki huua bakteria lakini haziwezi kuua virusi.

VVU ni kifupisho cha "Virusi vya UKIMWI", na kimataifa hujulikana kama HIV. Viligunduliwa mwaka 1983 katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, Ufaransa. Watafiti Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2008 kwa ugunduzi huo. VVU ni aina ya retrovirusi: maelekezo yake yako katika RNA, na baada ya kuingia ndani ya seli yananakiliwa kuwa DNA na kuunganishwa na DNA ya seli yenyewe. Kwa njia hiyo kirusi kinaweza kujificha miaka mingi bila kuonekana. Ndani ya jamii ya retrovirusi, VVU vimo katika kundi la lentivirusi, jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya "polepole".

## Maambukizi na ugonjwa

Kitenzi "ambukiza" kinamaanisha kumpa mwingine kitu kinacholeta maradhi, na "ambukizwa" ni kukipokea. "Maambukizi" hutumika kwa maana mbili: tendo la kirusi kutoka mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na hali ya kuwa nacho mwilini.

"Ugonjwa" ni jambo lingine. Ni hali ambamo viungo au mifumo ya mwili inashindwa kufanya kazi yake, na mara nyingi huonekana kwa dalili. Mtu anaweza kuwa na maambukizi bila kuwa mgonjwa. Hali hiyo haipo kwa VVU tu: watu wengi duniani wana bakteria wa kifua kikuu mwilini, lakini wengi wao hawataugua kifua kikuu kamwe.

Kwa VVU kipindi cha kutokuwa na dalili ni kirefu. Wiki chache baada ya kuambukizwa baadhi ya watu hupata homa, vipele au uvimbe wa tezi, ambao hupita wenyewe na kudhaniwa kuwa mafua au malaria. Baada ya hapo mtu ambaye hatumii dawa anaweza kukaa miaka mingi akiwa na afya ya nje, akilima, akisafiri na kuzaa watoto, huku kirusi kikiendelea kushambulia kinga yake. Kwa hiyo kumtazama mtu kwa macho hakuwezi kuonyesha kama ana VVU au hana.

## UKIMWI

UKIMWI ni kifupisho cha "Upungufu wa Kinga Mwilini". Si kirusi, bali ni hatua ya mwisho ya maambukizi ya VVU yasiyotibiwa. Kitaalamu huitwa sindromu, yaani mkusanyiko wa dalili na magonjwa yanayotokea pamoja kwa sababu moja.

Kipimo kimojawapo kinachotumika ni idadi ya seli za CD4. Hizo ni aina ya seli nyeupe za damu zinazoratibu mapambano dhidi ya vimelea, na ndizo zinazoshambuliwa zaidi na VVU. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo takriban 500 hadi 1,500 katika kila milimita moja ya ujazo ya damu. Zikipungua chini ya 200, au mtu akipata magonjwa fulani makubwa, huhesabiwa kuwa amefikia hatua ya UKIMWI. Bila dawa, safari hiyo huchukua kwa wastani miaka 8 hadi 10. Kwa anayetumia dawa ipasavyo, huenda isifike kabisa.

Kwa hiyo usemi "amepima akakutwa na UKIMWI" kwa kawaida si sahihi. Kipimo cha kituo cha afya hutafuta dalili za VVU katika damu, hakipimi UKIMWI. Vilevile haisemwi kwamba mtu "ameambukizwa UKIMWI", kwa kuwa kinachoambukiza ni kirusi.

Mkanganyiko huo una historia. Jina la ugonjwa lilitangulia jina la kirusi: jina la Kiingereza la UKIMWI lilianza kutumika mwaka 1982, kabla chanzo chake hakijajulikana. Nchini Tanzania wagonjwa watatu wa kwanza waliripotiwa mwaka 1983 katika mkoa wa Kagera, na kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Wakati huo watu wengi waligundulika wakiwa wameshadhoofu, hivyo maambukizi, ugonjwa na kifo vilionekana kama jambo moja. Lugha ya miaka hiyo imebaki, ingawa tiba imebadilika.

## Kinga na kingamwili

"Kinga" ni neno lenye maana kadhaa zinazokaribiana:

- uwezo wa mwili kupambana na vimelea, kama katika "upungufu wa kinga";
- jambo lolote linalozuia maradhi yasitokee, kama katika methali "Kinga ni bora kuliko tiba";
- kifaa cha kujikinga, hasa kondomu, kama katika "kutumia kinga".

"Kingamwili" ni neno la maana finyu zaidi. Ni protini zinazotengenezwa na mwili ili kumtambua adui fulani. Kipimo cha haraka cha VVU kinachofanywa kwa tone la damu kwa kawaida hakitafuti kirusi chenyewe, bali kingamwili zilizotengenezwa dhidi yake. Kutokana na hilo kuna mambo matatu ya kuzingatia.

Kwanza, kuna "kipindi cha dirisha". Mwili huhitaji wiki kadhaa, pengine hadi miezi 3, kutengeneza kingamwili za kutosha kuonekana. Aliyeambukizwa siku chache zilizopita anaweza kupata majibu hasi ilhali tayari anaweza kuambukiza wengine. Ndiyo maana hushauriwa kurudia kipimo.

Pili, mtoto mchanga hupokea kingamwili za mama yake kabla ya kuzaliwa. Akipimwa kwa kipimo hicho kabla ya umri wa miezi 18, majibu chanya yanaweza kuwa ya kingamwili za mama tu, wakati mtoto hana kirusi. Kwa watoto hao hutumika kipimo kinachotafuta maelekezo ya kurithi ya kirusi chenyewe.

Tatu, maneno "chanya" na "hasi" hayamaanishi "nzuri" na "mbaya". "Chanya" ina maana kwamba kilichotafutwa kimepatikana, na "hasi" kwamba hakikupatikana.

## Kufubaza, kuponya na wingi wa virusi

Dawa za VVU zimepewa majina mbalimbali ya Kiswahili. Awali zilijulikana sana kama "dawa za kurefusha maisha" au "dawa za kupunguza makali". Siku hizi jina linalotumika zaidi katika vituo vya afya vya Tanzania ni "dawa za kufubaza virusi", zinazoitwa pia ARV. Kitenzi "fubaa" ni kupoteza rangi au mng'ao, kama nguo iliyopigwa na jua. Jina hilo linaeleza kazi ya dawa vizuri kuliko yale ya kwanza: dawa haziui virusi vyote, bali huvizuia visizaliane. "Kurefusha maisha" kulitoa picha ya mtu anayeahirisha kifo, wakati anayeanza dawa mapema na kuzitumia kila siku anaweza kuishi karibu muda uleule kama mwingine yeyote.

Tanzania ilianza kutoa dawa hizo bila malipo katika huduma za umma mwaka 2004. Mwanzoni mgonjwa alisubiri hadi CD4 zishuke. Tangu mwaka 2016 kila anayegundulika kuwa na VVU huanzishiwa dawa bila kusubiri.

"Wingi wa virusi" ni idadi ya nakala za virusi katika mililita moja ya damu. Zikiwa 1,000 au pungufu, virusi huhesabiwa kuwa vimefubazwa. Zikishuka zaidi hadi mashine isiweze kuzihesabu, husemwa kuwa "havionekani". Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtu ambaye virusi vyake havionekani na anayeendelea na dawa hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana.

"Kutoonekana" si "kutokuwepo". Virusi vilivyojificha ndani ya seli hubaki, na dawa zikiachwa huanza tena kuzaliana, kwa kawaida ndani ya wiki chache. Anayepata majibu mazuri ya wingi wa virusi akadhani amepona, kisha akaacha dawa, hujirudisha nyuma. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka pande zote za Tanzania na nchi jirani walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba iliyosemwa kuponya maradhi sugu, na baadhi ya wenye VVU waliacha dawa zao. Mpaka sasa hakuna dawa ya kuponya VVU kwa wagonjwa wa kawaida. Watu wachache sana duniani wamepona, kama Mmarekani Timothy Ray Brown, baada ya kupandikizwa uboho kwa ajili ya saratani ya damu, matibabu ya hatari yasiyoweza kutumika kwa wote.

"Usugu wa dawa" ni hali ya kirusi kubadilika hadi dawa isikidhuru tena. Kinachokuwa sugu ni kirusi, si mgonjwa. Kutumia dawa kwa kurukaruka siku ni njia mojawapo ya kuleta usugu huo.

## Magonjwa nyemelezi

"Magonjwa nyemelezi" ni yale yanayopata nafasi pale kinga inapodhoofika. Jina limetokana na "nyemelea", yaani kuendea kimyakimya kama paka anavyoendea panya. Mifano ni kifua kikuu, homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na kuvu, na aina fulani za nimonia. Kifua kikuu ndicho kinachoongoza kuua watu wanaoishi na VVU duniani.

Si kila kikohozi cha mwenye VVU ni kifua kikuu, wala si kila mwenye kifua kikuu ana VVU. Jambo hilo lina umuhimu katika maeneo ya madini na makaa ya mawe. Huko Ludewa, akiba kubwa ya makaa ya mawe ya Mchuchuma na ya chuma cha Liganga imepangwa kuchimbwa kwa muda mrefu, na kazi ya aina hiyo huja na maradhi yake ya mapafu. Vumbi la makaa ya mawe likivutwa kwa miaka mingi huweza kuleta pneumokoniosisi, na vumbi la miamba yenye silika huleta silikosisi. Maradhi hayo mawili hayasababishwi na vimelea na hayaambukizi. Lakini mapafu yaliyojeruhiwa na silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi, na mwenye VVU pia. Hali hizo mbili zikikutana kwa mtu mmoja, hatari huongezeka sana, kama ilivyoonekana kwa wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini. Kwa hiyo mchimbaji anayekohoa anahitaji kupimwa makohozi, kifua na VVU, badala ya kukisia chanzo.

## Kiwango cha maambukizi na maambukizi mapya

"Kiwango cha maambukizi" ni sehemu ya watu katika jamii ambao wana VVU kwa wakati fulani, bila kujali waliambukizwa lini. "Maambukizi mapya" ni idadi ya watu wanaoambukizwa katika muda fulani, kwa kawaida mwaka mmoja. Cha kwanza kinafanana na kimo cha maji katika tangi, cha pili na maji yanayoingia kwa bomba. Kimo hutegemea pia maji yanayotoka.

Takwimu za Njombe ikilinganishwa na nchi nzima ni hizi:

- 2011-12: Njombe 14.8%, Tanzania 5.1% (watu wa miaka 15 hadi 49);
- 2016-17: Njombe 11.4%;
- 2022-23: Njombe 12.7%, Tanzania 4.4% (watu wa miaka 15 na zaidi).

Kiwango cha 12.7% ni takriban mtu mzima 1 kati ya 8. Kupanda kutoka 11.4% hadi 12.7% kunaweza kusomwa haraka kuwa watu wanaambukizana zaidi kuliko zamani, lakini takwimu hizo peke yake hazithibitishi hivyo. Kwanza, tafiti hutumia sampuli, na tofauti ndogo kati ya sampuli mbili inaweza kutokea kwa bahati tu. Umri uliopimwa mwaka 2011-12 pia ni tofauti na ule wa 2022-23. Pili, dawa zinapookoa maisha, watu wenye VVU hubaki katika hesabu.

Mfano wa kubuni unaonyesha jambo hilo. Kijiji kina watu wazima 1,000, na 120 kati yao wana VVU, yaani 12%. Katika mwaka mmoja watu 3 wanaambukizwa na mmoja mwenye VVU anafariki. Mwisho wa mwaka wenye VVU ni 122, na kiwango kimepanda kidogo. Kama pasingekuwa na dawa na wakafariki 15 huku wakiambukizwa 10, wangebaki 115 na kiwango kingeshuka. Kijiji cha kwanza kina takwimu "mbaya" zaidi, lakini ndicho chenye hali nzuri.

Kwa nchi nzima, utafiti wa 2022-23 ulikadiria maambukizi mapya kuwa takriban 60,000 kwa mwaka kati ya watu wa miaka 15 na zaidi, na kwamba 78% ya watu wazima wenye VVU walikuwa na virusi vilivyofubazwa. Takwimu hizo mbili hueleza zaidi juu ya uwezekano wa kirusi kuenea kuliko kiwango cha maambukizi peke yake.

## Hatari, makundi na tabia

"Hatari" katika takwimu za afya ni uwezekano wa jambo kutokea. Mfano ni tohara ya kitabibu ya hiari, iliyohimizwa sana Iringa na Njombe, ambako zamani wanaume wengi hawakutahiriwa. Majaribio yaliyofanyika Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda yalionyesha kuwa tohara hupunguza kwa takriban 60% hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke. Hiyo haina maana kwamba wanaume 6 kati ya 10 wana kinga kamili. Maana yake ni kwamba, katika mazingira yaleyale, mahali ambapo wangeambukizwa wanaume 10 wasiotahiriwa, wangeambukizwa takriban 4 waliotahiriwa. Hivyo tohara haichukui nafasi ya kondomu.

"Mazingira hatarishi" ni hali zinazoongeza uwezekano wa kuambukizwa. Makambako ni mfano: barabara kuu ya Tanzania na Zambia hukutana hapo na barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA hupita hapo pia. Madereva wa masafa marefu hulala, wafanyabiashara wa mbao na viazi hukutana, na wengi wako mbali na familia zao. Eneo la mradi mkubwa kama Mchuchuma, unaovuta vibarua kutoka mbali, huweza kupata hali kama hiyo. Lakini mazingira si tabia, na kundi si mtu. Kirusi hakienezwi na kazi ya udereva wala na kabila, bali hasa kwa kujamiiana bila kinga, kwa damu, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.

## Majina ya watu na ya ugonjwa

Kabla istilahi rasmi hazijaenea, watu walitumia majina yao. Kagera ugonjwa uliitwa "Juliana", kutokana na nguo zilizouzwa kutoka Uganda. Mitaani yamesikika majina kama "ngoma" na "miwaya", ambapo aliyeambukizwa husemwa kuwa "amekanyaga miwaya", kama aliyeguswa na umeme. Majina hayo husaidia kusema jambo gumu kwa kificho, lakini yanabeba picha ya kifo cha haraka.

Neno "mwathirika" lilitumika sana kwa mwenye VVU. Siku hizi hupendelewa "mtu anayeishi na VVU", na kwa wingi kifupisho WAVIU. "Mwathirika" humfanya mtu aonekane ameshashindwa, tena neno lenyewe halieleweki vizuri, kwa sababu yatima na mjane wasio na VVU nao wameathirika. Wilaya ya Makete, mkoani Njombe, ilijulikana kwa wingi wa yatima wa aina hiyo.

"Unyanyapaa" ni kumtenga au kumdharau mtu kwa sababu ya hali yake. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 inakataza kuwabagua na kuwanyanyapaa watu wanaoishi na VVU. Katika mkoa ambamo mtu mzima 1 kati ya 8 ana kirusi hicho, anayeogopa kuitwa "ana UKIMWI" anaweza kukwepa kupima, na asiyepima hawezi kuanza dawa za kufubaza virusi.